Divai ya Ukutani

"Usisukume, bwana we! Hii ni jibini, si matofali!"

Shangazi Josiane alipiga kelele akiwa amechelewa. Kijana yule mrefu alikuwa ameshapigwa kikumbo na mama mmoja mwenye kigari cha mtoto. Chupa iliyokuwa kwapani mwake ikachomoka, ikagonga ukingo wa meza na kizibo kikaruka. Divai changa ikafoka mpaka juu ya taa. Ilimwagikia mizani, ikamwagikia jibini za mbuzi zilizopangwa vizuri tangu alfajiri, na iliyobaki yote ikamwishia Perrine.

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba katika soko la Les Halles, mjini Tours, na Jumamosi kama hiyo watu hawakosi cha kuchekea.

Perrine alisimama kama mti. Sweta lake la rangi ya haradali lilikuwa limelowa, na kitambaa cha buluu alichofungia nywele kilikuwa kinachuruzika kwenye shavu.

"Nisamehe, dada," kijana alisema huku akitafuta leso asiione. "Nisamehe sana."

"Umeiziba?" Shangazi Josiane aliiokota chupa na kuinusa. "Bernache umeiziba kabisa? Divai bado inachemka, wewe unaikaba koo? Hata mtoto wa shule anajua kutoboa tundu kwenye kizibo!"

"Nilikuwa kwenye tramu, mama. Ilikuwa inawamwagikia watu viatu."

"Kwa hiyo ukaona bora imwagikie mpwa wangu."

Perrine hakuwasikia. Tone moja lilikuwa limemfikia mdomoni naye akalilamba bila kufikiri. Akafumba macho. Alipoyafumbua, alimtazama kijana moja kwa moja, jambo ambalo kwa kawaida hakuwa na ujasiri wa kulifanya mbele ya mgeni.

"Hii imetoka juu, haikutoka bondeni," alisema taratibu. "Udongo wa mfinyanzi wenye mawe ya gumegume, yale ya kuwashia moto. Na kuna ukuta karibu. Zabibu zake zimelala na joto."

Kijana aliacha kutafuta leso. "Nani amekwambia?"

"Ulimi."

"Hata baba yangu hakuwahi kuusema ukuta."

"Wangu alinilambisha mawe tangu nina miaka saba," Perrine alisema, kisha aibu ikamrudia na shingo ikamwiva. Marehemu baba yake alikuwa mtunza mapipa katika mapango ya divai ya Rochecorbon. Jumapili watoto wenzake walipopelekwa kucheza, yeye alipelekwa mashambani. Hili chokaa, mwanangu, lamba. Huu udongo wa mfinyanzi. Hili gumegume, linanuka kama kiberiti kilichozimwa. Shuleni walimcheka, lakini ulimi ulijifunza na haukusahau.

Kijana aliitwa Florent. Alikuwa mkulima wa zabibu huko Vouvray, vidole vyake vyeusi kwa mavuno, na sweta lake lina tundu kwenye kiwiko. Alinunua jibini tatu zilizolowa, ingawa hakuna aliyemlazimisha.

"Nipe sweta lako nikalifue," alisema.

"Utalifulia wapi? Kwenye pipa?"

"Basi nipe namba ya simu, nikuulize kama limekauka."

Shangazi Josiane alikohoa kwa nguvu. Perrine aliandika namba kwenye karatasi ya kufungia jibini.

*

Simu ilianza jioni ile ile, na ikawa haikatiki.

"Haloo, Mama Jibini."

"Haloo, Bwana Kizibo. Sweta halijakauka."

"Nitapiga tena kesho."

"Kesho pia litakuwa halijakauka."

"Na Jumapili ijayo?"

"Jumapili limekauka, ila halina pa kwenda."

Jumapili hiyo Florent alimpeleka kutembea ukingoni mwa mto Loire. Maji yalikuwa yamepungua, visiwa vya mchanga vimetokeza. Walikula mkate wenye nyama ya nguruwe iliyosagwa, wakabishana kama jibini ya mbuzi huliwa na ganda lake au huvuliwa kwanza. Perrine alisema anayelivua ganda hafai kuoa. Florent akaweka kisu chini na kula lote.

Mwezi wa Novemba Florent alikuja sokoni akiwa na mtu.

Perrine alisikia viatu kabla ya kumwona mwenye viatu. Kisha akaona gauni la hariri ya kijani chini ya koti jeusi, hereni za dhahabu na midomo myekundu iliyopakwa bila kukosea hata kidogo.

"Huyu ni Ludivine," Florent alisema. "Ana baa ya divai kule mtaa wa Colbert. Yeye ndiye anayeuza divai zangu mjini."

"Na hapo zamani nilikuwa namuuza mwenyewe!" Ludivine alicheka. "Miaka miwili, Flo, sivyo? Nikachoka kufua soksi zenye matope."

Kisha akamuaga Florent kwa mabusu ya mashavuni. Mjini Tours ni mawili, kila mtu anajua. Perrine alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

Viatu vilipokwisha kutoweka, Perrine alikuwa anaifuta mizani iliyokuwa safi tayari.

"Manne," alisema.

"Manne nini?"

"Hujui kuhesabu?"

"Mpenzi, yeye ni mtu wa Angers. Kwao ni manne."

"Hapa ni Angers?"

"Perrine..."

"Nimeuliza swali tu. Hapa ni Angers?"

Shangazi Josiane, aliyekuwa anakata siagi, alisema bila kuinua kichwa, "Kijana, jibu lolote utakalotoa hapo ni baya. Chukua jibini uende."

Tangu siku hiyo Perrine hakulala vizuri. Simu ya Florent ikiita wakiwa pamoja, alitazama kioo kabla yake. Akisikia "Flo" anajikunyata kama aliyepakwa limau kwenye kidonda. Alijiona mdogo, mwenye mikono inayonuka maziwa, na akamwona yule mwingine kila mahali, hata kwenye madirisha ya maduka yaliyovalishwa nguo za kijani. Alijua anajitesa. Kujua hakukumsaidia.

*

Januari, siku ya baridi kali, Florent alimpandisha shambani. Mizabibu ilikuwa imepogolewa, imebaki visiki vyeusi. Mwisho wa shamba kulikuwa na ukuta wa mawe meupe, mrefu kufika kifuani.

"Ndio huu," alisema.

Perrine aliugusa. Mawe yalikuwa na uvuguvugu, japo nyasi zilikuwa na barafu.

"Babu wa babu yangu na ndugu yake walirithi shamba moja hapa," Florent alisema. "Wakagombana. Kila mmoja akachukua nusu, wakajenga ukuta katikati wasionane wakiwa kazini. Upande wa pili ni kwa Mama Hardouin, mjane. Siku hizi amemkodisha mtu, sijui nani. Nadhani mpwa wake."

"Waligombania nini?"

"Mwanamke. Watu wa hapa wanagombania nini kingine?"

Chini ya shamba kulikuwa na pango lililochongwa kwenye jiwe. Ndani kulinuka uyoga na mishumaa. Mapipa makubwa yalijipanga mpaka gizani. Mwisho kabisa kulikuwa na kipipa kimoja kidogo cha mbao za mshita, kimewekwa peke yake juu ya magogo.

"Safu sita za ukutani," Florent alisema. "Kila mwaka huwa nazichanganya na nyingine. Mwaka huu nimezitenga."

Aliingiza bomba la kioo, akachota kidogo na kumtilia. Perrine alionja. Gumegume lile lile. Joto lile lile. Asali bado changa, na chumvi kidogo mwishoni.

"Hii sitaiuza," Florent alisema. "Tone la kwanza nimekupa wewe, na chupa ya kwanza utaifungua wewe. Mpaka siku hiyo hakuna mdomo mwingine utakaoigusa. Nakuahidi."

"Siku hiyo ni ipi?"

"Jumamosi ya pili ya Mei. Nitaitia kwenye chupa. Halafu nina la kukuuliza."

"Niulize sasa."

"Sasa nina baridi. Nitakosea maneno."

Walicheka, wakabusiana palepale kati ya mapipa. Kwa wiki kumi na mbili Perrine alitembea na siku ile moyoni. Hakumwambia mtu, hata Shangazi Josiane, ambaye tayari alikuwa anajua.

*

Aprili ilikuja na mvua. Shangazi alitimiza miaka sitini, na wanawake wa sokoni wakamchukua baada ya kazi kwenda kumnywea glasi. Wakachagua baa ya Ludivine. Perrine angeweza kukataa. Hakukataa, kwa sababu alitaka kuona.

Alichoona kilikuwa baa nzuri, meza za mbao, ramani ya bonde la Loire ukutani. Ludivine alikuwa amevaa shati jeupe la kiume lililokunjwa mikono, na hata hilo lilimpendeza. Alizungumza na kila mtu. Kisha akamjia Perrine akiwa na chupa isiyo na karatasi yoyote.

"Wewe ndiye mwenye ulimi," alisema kwa sauti ya chini. "Njoo huku kaunta. Hii siiuzi. Kuna mtu ameniamini nayo. Onja, uniambie."

Perrine alionja.

Gumegume. Joto la jiwe lililolala na jua. Asali changa.

Glasi akaitoa mdomoni haraka.

"Nani amekupa?" aliuliza.

Ludivine alitabasamu, akasogeza nywele nyuma ya sikio. "Siri bado. Mtu wa kule juu, ukutani."

Perrine aliweka glasi chini. Sauti za wanawake wa sokoni zilikuwa kama zinatoka ndani ya maji. Alichukua koti lake, akatoka kwenye mvua, na Shangazi Josiane alipomfuata mlangoni hakumkuta.

Alipiga simu akiwa chini ya kibanda cha tramu, maji yanamtiririka shingoni.

"Haloo, Mama Jibini! Shangazi anajisikiaje kuwa bibi kizee?"

"Divai ya ukutani umempa nani?"

"Nini?"

"Umesikia."

"Sijampa mtu. Iko kwenye pipa. Perrine, uko wapi? Nasikia mvua."

"Usinizungushe, Florent. Nimeionja sasa hivi. Kwa Ludivine."

Upande wa pili kulikuwa kimya. Angejibu haraka labda mambo yangekuwa mengine. Lakini Florent alikuwa anatafuta maana ya maneno yale, na Perrine alikisikia kimya kile kama kukiri.

"Haiwezekani," Florent alisema mwishowe. "Umekosea."

"Mimi nimekosea?"

"Umechoka, kulikuwa na harufu nyingi, sijui..."

"Tulipoonana mara ya kwanza hukusema nimekosea. Ulishangaa! Leo ulimi wangu umekuwa mbovu kwa sababu umekugusa wewe?"

"Naapa kwa kaburi la mama, hakuna aliyeigusa."

"Ulimi haunidanganyi."

"Na mimi nakudanganya?"

Perrine alifuta maji usoni.

"Sema," Florent alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imebadilika. "Neno langu na ulimi wako, unaamini kipi?"

"Ulimi."

"Haya. Basi kaolewe nao."

Simu ikakatika. Tramu ikaja, ikafungua milango na kuifunga, na Perrine hakupanda.

*

Wiki tatu zilipita. Florent alipiga simu mara mbili na haikupokewa, kisha naye akakaza shingo. Binamu wa Perrine alikuwa na kibanda cha jibini sokoni Nantes na alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia. Perrine alikubali. Angeondoka Jumatatu, baada ya Jumamosi ya pili ya Mei. Aliichagua siku hiyo makusudi, apite juu yake kama mtu anayeruka shimo.

"Unakimbia," Shangazi Josiane alimwambia.

"Nahama."

"Umemuuliza yule mwanamke?"

"Nimuulize nini? Anicheke?"

"Wewe na yule mkulima mnafanana. Kitu kinachemka, mnakiziba kabisa, halafu mnashangaa meza imelowa."

Ijumaa, asubuhi ya mwisho yenye kazi nyingi, Perrine alisikia viatu. Akainama chini ya meza kama anatafuta kisu.

"Nimekuona," Ludivine alisema. "Inuka. Nataka jibini kumi za mbuzi, na nataka kujua kwa nini ulinikimbia."

Perrine aliinuka. Leo Ludivine alikuwa amevaa suruali ya kazi, na kwenye buti zake kulikuwa na matope meupe yaliyokauka. Kucha moja ilikuwa imevunjika.

"Nilikuwa na haraka."

"Ulikuwa mweupe kama hiyo jibini. Nilikaa nikisubiri maneno yako. Nililia, kama unataka kujua. Nilidhani divai yangu ni mbaya."

Mkono wa Perrine ulisimama juu ya karatasi. "Divai yako?"

"Sasa ya nani?" Ludivine alichomoa chupa kwenye mkoba, akaiweka kati ya jibini. "Kesho nawaalika watu kuionja. Nilitaka wewe uwe wa kwanza, kwa sababu wewe husifii ovyo. Onja tena. Tafadhali."

Shangazi Josiane alikwishaleta glasi, hakuna aliyejua ameitoa wapi.

Perrine alionja. Safari hii hapakuwa na kelele za baa wala macho ya kuviziana. Kulikuwa na mwanga wa asubuhi tu. Gumegume lilikuja kama mwanzo. Joto likaja, asali ikaja. Aliiacha ikae, kama baba yake alivyomfundisha, mpaka mwisho wake. Na mwisho ulikuwa mfupi. Ilikatika safi, kama mlango unaofungwa. Ile ya kwenye kipipa cha mshita ilikuwa na chumvi, ikaendelea, ikabaki kooni mpaka mtu anatoka pangoni.

Udongo ulikuwa mmoja. Mikono ilikuwa ya watu wawili.

Kule baa hakuwa amefika mwisho wa glasi. Alikuwa ameonja mwanzo, akaondoka na hukumu.

"Umeichemshia kwenye tangi la chuma," alisema polepole. "Hakuna mbao."

"Tangi la Mama Hardouin. Nimekodi safu zake za ukutani, upande wa pili. Kaka yangu ananisaidia kupogoa. Mjane wa watu aliniamini wakati benki zote zilinicheka." Ludivine alimtazama vizuri, na macho yakaanza kumpanuka. "Ngoja. Wewe ulidhani ni ya Flo? Ulidhani Flo ndiye aliyenipa?"

Perrine hakuweza kumtazama. Ludivine alianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Nikwambie kitu?" alisema, akiikwangua lebo ya bei kwa ule ukucha uliovunjika. "Nilikaa naye miaka miwili. Miaka miwili nilimwomba atenge safu zile za ukutani, atengeneze pipa moja kwa ajili yetu. Alikuwa anasema hakuna haja, zinachanganyika vizuri na nyingine. Halafu Novemba nikasikia amezitenga. Nikauliza, kwa ajili ya nani? Nikaambiwa, msichana wa jibini." Aliinua mabega. "Nilikuwa nimeshakodi upande wangu. Lakini tangu siku hiyo nilifanya kazi kama kichaa. Nilitaka yangu iwe nzuri kuliko yako."

"Wewe ulikuwa unanionea wivu mimi?" Perrine aliuliza, na sauti ikamtoka kama ya mtoto.

"Usiniangalie hivyo. Sina nia naye tena. Ila wivu hauulizi ruhusa." Ludivine alivuta pumzi. "Sasa. Divai yangu ikoje?"

Ilikuwa rahisi sana kwa Perrine kusema neno dogo la kuumiza.

"Nzuri," alisema. "Ni nzuri sana. Mwisho ni mfupi. Mwakani usiitoe mapema."

Ludivine alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akamsogezea chupa. "Ibaki kwako. Nadhani una mahali pa kuipeleka."

*

Jumamosi Perrine alipanda basi la kwanza kwenda Vouvray, akiwa amevaa lile sweta la haradali. Doa la bernache halikuwahi kutoka vizuri. Chupa alikuwa ameikumbatia kifuani.

Florent alikuwa mbele ya pango, chupa tupu zimepangwa, mashine ya kupigia vizibo imesimama pembeni. Hakuna hata chupa moja iliyokuwa imejazwa. Alikuwa amekaa tu kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ndevu zilikuwa zimemwota.

"Nilisikia umehamia Nantes," alisema bila kuinuka.

"Jumatatu."

"Basi safari njema."

"Florent, ile divai ni ya Ludivine. Ya upande wa pili wa ukuta. Amekodi kwa Mama Hardouin."

Alimweleza yote kwa pumzi moja. Florent alisikiliza akiangalia chini. Perrine alipomaliza, Florent aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Kwa hiyo ulimi umekupa ruhusa ya kuniamini," alisema. "Na kama Ludivine asingekuja sokoni?"

Swali hilo ndilo lililokuwa limemkosesha Perrine usingizi usiku kucha.

Florent aliinuka, akachukua ile chupa mikononi mwa Perrine, akaingia pangoni. Alirudi na glasi mbili, akaziweka juu ya ubao. Divai mbili za rangi moja ya dhahabu hafifu, mtu asingeweza kuzitofautisha kwa macho.

"Haya. Moja ni yake, moja ni yangu. Onja, uniambie."

Uso wake ulikuwa mgumu. Perrine aliinua glasi ya kushoto, ikafika kidevuni. Harufu ilikuwa imeshaanza kumwambia. Kilichobaki ni kulowesha ulimi tu, na angejua, kwa hakika, bila shaka yoyote, kama alivyopenda kujua kila kitu.

Akairudisha chini bila kuionja.

"Niambie wewe," alisema.

"Nini?"

"Niambie ipi yako. Nitaamini."

Florent alimkazia macho. Upepo ulivuma ukatikisa majani machanga ya mizabibu, na kule juu ukuta ulikuwa unang'aa kwenye jua. Akaona kwamba kwa mwanamke huyu kuweka glasi chini kulikuwa kugumu kuliko kupiga magoti.

"Ya kulia," alisema, na ugumu wote ukamtoka usoni.

Perrine alichukua ya kulia, akainywa yote kama maji, bila kufumba macho, bila kusikiliza, akimtazama yeye.

"Mjinga wewe," Florent alisema. "Divai kama ile hainywewi hivyo. Ni dhambi."

"Nilikuwa na kiu."

"Nilikuwa na hotuba. Tangu Januari. Nimeisahau yote."

"Hata neno moja?"

"Neno moja ninalo." Alimshika mikono, ile mikono inayonuka maziwa, na yake ilikuwa na masizi ya mapipa. "Nioe."

"Anayeoa ni wewe, Bwana Kizibo."

"Nimekwambia nimeisahau! Perrine, utakubali nikuoe?"

"Unakula ganda la jibini?"

"Lote."

"Nakubali."

Walijaza chupa ya kwanza pamoja, na Perrine akavuta mkono wa mashine na kukisukuma kizibo mwenyewe. Alikisukuma sana, kikazama chini ya mdomo wa chupa, ikabidi waifungue na kuinywa palepale wakiwa wamekaa kwenye ndoo moja. Safari hii alikunywa polepole. Mwisho wake ulikuwa mrefu kama alivyoukumbuka.

Kisha akampigia shangazi yake.

"Shangazi, Nantes siendi."

"Najua," Shangazi Josiane alisema. "Nilishampigia binamu yako tangu jana."

Florent alikuwa anahesabu wageni kwa vidole. "Mama Hardouin. Wanawake wa sokoni. Na Ludivine je? Tumwalike?"

Perrine aliegemea bega lake, akafikiri. Alikuwa na furaha kubwa, na ndani ya furaha ile kulikuwa na kamwiba kadogo ambako hakuwa na haraka ya kukatoa.

"Mwalike," alisema. "Alete na divai yake. Lakini umwambie mapema, kwetu ni mawili."